Shimo Lililoachwa Wazi

Soma Kutoka 21:33, 34.

Mtu akichimba shimo asilifunike, kisha ng'ombe au punda wa jirani akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Sheria haiulizi kama mchimbaji alikusudia mabaya. Huenda alikuwa akitafuta maji. Kosa lake ni kuondoka na kuliacha shimo wazi.

Wakazi wa Karatu wanayajua mashimo. Chini ya nyanda za juu za Ngorongoro udongo mwekundu uliotokana na volkano hufaa kwa mahindi, na hufaa kwa matofali ya kuchoma pia. Pembeni mwa vijiji hubaki machimbo ya udongo, na kando ya barabara mashimo ya moramu. Tanuru likishapoa na lori likishaondoka, huonekana ukingo uliokatwa wima na sakafu ngumu isiyopenyeka kwa jembe. Masika maji hutuama humo, na watoto wachungao mbuzi hupita ukingoni.

Wako wasemao, "Iacheni ardhi, itapona yenyewe." Tena wanalo fungu: katika Walawi 25:1-7 ardhi ilipewa Sabato yake kila mwaka wa saba. Lakini shamba lililolimwa miaka sita limechoka tu. Bado lina udongo wa juu, mbegu, mizizi na wadudu wake, nalo likipumzishwa hurudiwa na nguvu. Shimo limenyang'anywa hivyo vyote. Hilo limejeruhiwa. Aliyechoka hupewa kitanda. Aliyevunjika mguu naye hupewa kitanda, ila kwanza lazima mtu aunge mfupa. Msamaria hakumwachia majeruhi apumzike kando ya njia (Luka 10:34).

Na ardhi tupu haikai tupu. Mkoani Arusha gugu karoti, mmea uliotoka Amerika, huwahi kushika mahali palipochimbwa au kukwanguliwa. Kwa mbali panaonekana kijani, kumbe mifugo haupati malisho hapo, na ngozi ya mwenye kuling'oa huwasha. Yesu alisimulia juu ya nyumba iliyofagiwa ikaachwa bila mkaaji (Mt. 12:43-45). Hali yake ya mwisho ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Kuunga mfupa wa ardhi kunawezekana, ingawa si kwa haraka. Karibu na Mombasa, kiwanda cha saruji cha Bamburi kilichimba mawe ya chokaa ya matumbawe tangu miaka ya 1950, kikaacha jangwa jeupe. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikastahimili 3. Mvinje ndio uliostawi zaidi, lakini majani yake yalianguka yasioze, na pasipooza kitu hapapatikani udongo. Msaada ulitoka kwa jongoo wenye miguu myekundu: waliyala majani hayo, na kinyesi chao kikawa mboji. Leo pale pana msitu, nao unaitwa Haller Park. Ni vyema kuzikumbuka zile aina 23 zilizokufa. Mtu anayedhani kupanda miche siku moja, picha zikipigwa, kunatosha, hajaonja kazi hii.

Bamburi mchimbaji alijulikana. Je, katika machimbo ya matofali mwenye shimo ni nani? Ni kijana aliyelipwa kwa idadi ya matofali? Ni mwenye shamba aliyeuza udongo kwa sababu ya ada ya shule? Au ni aliyejenga? Jengo la ibada lenye kuta za matofali ya kuchoma lina shimo lake mahali fulani. Mzee wa kanisa anaweza kujibu kwamba matofali yalinunuliwa kwa haki na risiti ipo. Ni kweli. Lakini bei ile ililipa jasho na kuni. Udongo haukulipwa, wala miti iliyokatwa kwa ajili ya tanuru.

Zakayo hakununua wokovu kwa kurudisha mara nne (Luka 19:5-9). Yesu alikuwa ameshajialika nyumbani kwake. Neema haikufuta haki ya waliodhulumiwa. Ilimfanya Zakayo awakumbuke, na alisimama kuwataja bila kuombwa.

Kazi yenyewe haina siri. Udongo wa juu hutengwa kabla ya kuchimba, kingo hulazwa ziwe mteremko, udongo ule hurudishwa pamoja na samadi, nyasi na miti hupandwa mvua zinapoanza, na mbuzi huzuiwa kwa misimu kadhaa. Hilo la mbuzi ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa linahitaji ujirani mwema.

Katika makisio ya ujenzi huandikwa saruji, mabati, mbao na ujira wa fundi. Shimo halina mstari wake.