Samaki Akitazamwa

Kwa kinyozi wangu hapa Kahawa Wendani kuna TV moja, na Jumamosi hiyo hakukuwa na mechi. Akaacha kipindi cha samaki. Ndipo nikamjua Labroides dimidiatus, samaki msafishaji: mwembamba, mstari mweusi ubavuni, anatoshea kiganjani. Yuko hata kwenye matumbawe ya pwani yetu.

Kazi yake ni ya kinyozi tu. Ana kituo chake. Samaki wakubwa wanakuja, wanatulia, wengine wanapanua mdomo aingie awatoe vimelea. Shida ni kwamba anachokipenda zaidi si vimelea, ni ute wa ngozi ya mteja. Akiuma ute, mteja anashtuka, anamfukuza au anahamia kituo kingine. Redouan Bshary na watafiti wenzake wamegundua jambo: kukiwa na wateja wengine karibu wanaotazama, msafishaji anapunguza ujanja.

Nilicheka, halafu nikanyamaza.

Mwezi uliopita, nikiwa kwenye kiti hichohicho, shilingi 2,000 ziliingia kwa M-Pesa yangu kutoka kwa mtu nisiyemjua. Akapiga simu analia, foleni nzima ikisikia. Nikarudisha papo hapo. Mzee mmoja akasema wazazi wangu walinilea vizuri. Lakini mwaka jana, usiku, nikiwa peke yangu bedsita, ziliingia 1,500 vivyo hivyo. Jina lilikuwa la mwanamke. Simu ikaita mara nne, nikaizima. Asubuhi nikajaza gesi.

Ni rahisi kusema yule wa usiku ndiye mimi halisi, na yule wa kinyozi alikuwa anaigiza. Sikubali haraka hivyo. Mwenye 2,000 alipata pesa zake, nia yangu haikumhusu. Samaki aliyetolewa vimelea amesafishwa, hata kama kilichomlinda ni macho ya wengine. Labda ndiyo maana watu tunaishi plot moja, kuta nyembamba. Ila mama wa 1,500 hakuwa na foleni ya kumtetea.

Mwaka 2019 Masanori Kohda na wenzake huko Japani walichapisha utafiti: waliwatia samaki hawa alama kooni, wakawawekea kioo. Baadhi walijitazama, wakaenda kusugua koo chini. Wanasayansi bado wanabishana kama kweli wanajitambua.

Kinyozi akashika kioo kidogo nyuma ya kichwa changu. "Iko sawa, boss?"

Nikasema iko sawa. Ule ujumbe wa 1,500 sijawahi kuufuta. Namba iko.