Kigeuze Kwanza

Mwanangu, keti. Tangu asubuhi unakipigapiga kipanya hicho cha kompyuta mezani, na sasa unatafuta nauli ya kukipeleka kwa fundi mjini Mbarara. Nauli hiyo ni unga wa nyumba yenu. Haya nimewaambia kaka zako, na wadogo zako nitawaambia nikijaliwa uhai.

Kigeuze kwanza. Taa ya chini inawaka? Ikiwaka, umeme unafika. Hapo pana kijicho kinachopiga picha za meza mfululizo. Kwa kuzilinganisha, kipanya hujua mkono umeelekea wapi. Unywele mmoja ukikiziba, au ukikiweka juu ya kioo kitupu, hakioni kitu, na mshale unarukaruka. Futa kwa pamba kavu, kisha tandika karatasi. Kiangazi, vumbi la kambi yetu hii ya Nakivale huingia hata kwenye sanduku lililofungwa, sembuse kitundu kilicho wazi.

Isipowaka, hamishia waya tundu jingine. Bado? Omba kukijaribu kwenye kompyuta ya jirani. Kikifanya kazi huko, umekisingizia. Kosa liko kwenye mashine yako. Ila badilisha kitu kimoja, ujaribu, ndipo ubadilishe kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na kikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi, na kikiugua tena utahangaika upya. Hili ndilo linalonichosha kwenu vijana: mna haraka ya kusema kitu kimekufa. Sisi tuliovuka mpaka na mabegi ya mkononi hatukuweza kutupa kitu ambacho hatujakitazama vizuri.

Redio ya mama yako vilevile. Toa betri, utazame vyuma vinavyozigusa. Ukiona unga mweupe au wa kijani, huo ndio unaozuia umeme. Sugua kwa pamba yenye maji kidogo ya limau, kausha kabisa. Simu isiyoingiza chaji, izime, uchokoe tundu taratibu kwa kijiti cha mbao; nyuzi za mfukoni hujibana humo.

Betri iliyovimba usiitoboe wala usiichaji. Kifaa kilichochomekwa ukutani usikifungue. Hivyo vipeleke kwa fundi, na mafundi wapo hapahapa, Wakongo, Warundi, Wasomali. Hujamuuliza hata mmoja.

Wakishindwa, basi panda gari uende Mbarara. Ukifika, mweleze fundi yote uliyokwisha kujaribu, moja baada ya jingine, asije akakutoza fedha kwa kukisafisha kijicho ulichokwisha kukisafisha mwenyewe.