Ruzuku, Haki na Bustani ya Mtaa

Miongoni mwa maswali ya maadili ambayo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamekuwa wakiyarudia tangu zamani ni lile la kama mhitaji anayepewa kitu huwa amefadhiliwa au amelipwa anachodai. Swali hilo huonekana kuwa la vitabuni tu mpaka likutane na jambo dogo la utawala wa miji, kama vile manispaa inapoomba ruzuku ya kukarabati bustani za umma zilizo jirani na nyumba za gharama nafuu. Ruzuku ni fedha zinazotolewa na serikali ya ngazi ya juu kwa kazi maalumu bila kudaiwa marejesho. Nyumba za gharama nafuu, kwa kipimo kinachotumika Marekani, ni zile ambazo familia yenye kipato cha chini huzilipia kisichozidi takriban asilimia 30 ya kipato chake. Jimbo la California limewahi kulijibu swali hili kwa njia mbili zinazovutana, na fedha za majibu yote mawili ziliidhinishwa siku moja.

Katika uchaguzi wa Novemba 2006, wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha Pendekezo la 1C, lililoiruhusu serikali kukopa dola bilioni 2.85 kwa ajili ya makazi kwa kuuza hatifungani, yaani hati za deni ambazo serikali huwauzia wawekezaji na kuzilipa pamoja na riba kwa miaka mingi. Kati ya fedha hizo, dola milioni 200 zilitengewa bustani, lakini kwa sharti lisilo la kawaida: mji ulipata ruzuku kulingana na idadi ya vyumba vya kulala katika nyumba za gharama nafuu zilizojengwa au kukarabatiwa ndani ya mipaka yake, na chumba cha familia yenye kipato cha chini zaidi kilihesabiwa kwa thamani kubwa zaidi. Mji ambao mpango wake wa makazi haukukubaliwa na jimbo haukuweza hata kuomba. Sababu ya masharti hayo inaeleweka na mtu yeyote aliyefuatilia siasa za makazi huko, kwani miji mingi hupinga ujenzi wa nyumba za watu wa kipato cha chini kwa visingizio vya msongamano wa magari na sura ya mtaa, na watunga sheria walitaka mji unaowakaribisha watu hao upate cha kuonyesha.

Siku hiyohiyo lilipita pia Pendekezo la 84, lililoruhusu nalo kukopa kwa hatifungani, na sheria iliyofuata mwaka 2008 ikaielekeza sehemu ya fedha zake kwenye bustani mpya kwa kigezo tofauti kabisa, yaani uhitaji. Kipaumbele kilipewa mitaa yenye chini ya ekari 3 za bustani kwa kila wakazi 1,000, pamoja na mitaa yenye umaskini mkubwa, na wakazi wenyewe walitakiwa kushirikishwa katika kuichora bustani.

Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, alieleza kwamba haki ya ugawaji ni kumpa kila mmoja kwa uwiano wa anachostahili, na akakiri kuwa ugomvi wa watu hauko kwenye uwiano bali kwenye kipimo cha kustahili. California inathibitisha jambo hilo kwa uwazi usio wa kawaida, kwa kuwa mpango wa kwanza ulituza tendo la mji na wa pili ulitazama upungufu wa wakazi, na mtaa uleule uliweza kustahili sana kwa kipimo kimoja na usistahili kitu kwa kingine. Familia iliyoishi katika mji uliokataa kujenga ilionewa mara moja kwa kunyimwa nyumba, na chini ya mpango wa kwanza ilionewa mara ya pili kwa kunyimwa bustani, kwa kosa ambalo si lake. Hapo ndipo udhaifu wa tuzo unapoonekana, ingawa si haki kuupuuza uwezo wake wa kuwasukuma madiwani wasioguswa na hoja nyingine yoyote.

Immanuel Kant alifundisha kwamba mwanadamu asitumiwe kamwe kama nyenzo tu, bali aheshimiwe pia kama lengo. Uzito wa kauli hiyo uko kwenye neno “tu”: mji unaohesabu vyumba vya wakazi wake ili upate fedha haujawadhalilisha kwa kuhesabu, ilimradi watu wanaolala katika vyumba hivyo ndio watakaoketi chini ya miti itakayopandwa, jambo ambalo hesabu yenyewe haiwezi kulihakikisha.

Tatizo la kuomba ni gumu zaidi. Qur'ani, katika sura ya al-Baqara, inaonya kwamba masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka. Naye Musa bin Maimuni, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, alizipanga sadaka katika daraja nane na kumweka anayetoa kabla ya kuombwa juu ya anayetoa baada ya kuombwa. Kwa kipimo hicho mfumo wa ruzuku za ushindani uko chini, maana hautoi mpaka uombwe, tena kwa fomu, ramani, bajeti na viambatisho, hivyo kwamba manispaa yenye maofisa waliobobea katika kuandika maombi huitangulia ile yenye uhitaji mkubwa na karani mmoja. Hata hivyo, kulaumu kwa lugha ya sadaka ni kukubali kwamba hii ni sadaka. Hatifungani hulipwa kutoka hazina ya jimbo, ambayo nayo hujazwa kwa kodi, ikiwemo kodi ya mauzo ambayo mpangaji maskini huilipa kila anunuapo viatu vya mtoto wake. Anayechangia deni hawezi kuitwa mfadhiliwa wa deni hilo.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, kielelezo kilicho karibu zaidi ni wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe wala kurithiwa ili manufaa yake yawafikie walengwa, chini ya msimamizi ambaye si mmiliki. Mnufaika wa wakfu hamshukuru msimamizi kwa kumpa fungu lake, humuuliza hesabu. Bustani iliyojengwa kwa fedha za umma inapaswa kutazamwa vivyo hivyo, na ofisa wa manispaa anayejaza fomu ni msimamizi anayefuatilia haki za wengine, wala si mwombaji anayepitisha bakuli kwa niaba yao.

Kuna hatari nyingine ambayo watafiti wa miji wameijadili sana, nayo ni kwamba bustani ikipendeza, kodi za nyumba jirani hupanda na wakazi wa zamani huhama. Bustani ya High Line jijini New York, iliyofunguliwa mwaka 2009, hutajwa mara nyingi kama mfano. Wema wa namna hiyo huwafukuza waliokusudiwa. Ndiyo maana kuiweka bustani karibu na nyumba ambazo kodi yake imefungwa kisheria kwa miongo kadhaa kuna maana ya kimaadili inayozidi urahisi wa mipango, kwa sababu mpangaji wake anaweza kuufurahia uzuri wa mtaa bila kuuogopa.

Kinachobaki bila jibu ni matunzo. Fedha za hatifungani kwa kawaida hujenga tu. Hazimlipi mtunza bustani wala hazinunui maji ya kiangazi, ambacho California ni kirefu na kikavu. Gharama hizo huangukia bajeti ya mwaka ya manispaa, mahali ambapo bustani hushindana na polisi na barabara kila mwaka, na ambapo hakuna fomu inayouliza ni vyumba vingapi vya kulala viko jirani.