Mlembe, Mrina Asali na Suala la Ahadi

Mlembe hula nta. Ni chakula ambacho wanyama wachache mno wanaweza kukimeng'enya, na ndicho kilichomsogeza ndege huyu karibu na binadamu. Mlembe mkubwa, mwenye umbo linalokaribia la shore, hujua nyuki wamejenga katika mti gani, lakini hana nguvu ya kupasua gogo na nyuki wanaweza kumuua. Binadamu ana shoka na moshi. Kinachomshinda ni kuuona mti wenyewe. Kwa hiyo ndege humjia, humpigia kelele za harakaharaka, kisha huruka mti hadi mti akitandaza mkia wake wenye manyoya meupe pembeni, na humngoja anayechelewa.

Mwishoni mwa karne ya 16, João dos Santos, mmisionari Mreno aliyekuwa Sofala, alimwona ndege akiingia kanisani kudonoa mishumaa ya nta. Aliandika pia kwamba ndege huyo huwaongoza watu hadi kwenye asali, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1609. Kwa wenyeji wa Sofala hiyo haikuwa habari mpya hata kidogo.

Katika sehemu nyingi za Afrika husimuliwa kisa kilekile. Mrina asali akimaliza kazi amwachie ndege sega lake. Akiondoka na vyote, safari ijayo mlembe atamwita vilevile na kuruka mbele yake vilevile, ila mwisho wa njia mtu huyo atamkuta simba, au nyoka aliyejikunja shinani. Kisa hicho kina dai zito ndani yake: kwamba kati ya mtu na ndege wa porini kuna ahadi, na mwenye kuivunja huadhibiwa.

Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651, alikataa kabisa jambo la namna hiyo. Kwake, mtu hawezi kufunga mapatano na mnyama, kwa kuwa mnyama haelewi usemi wa watu, wala hawezi kupokea haki au kuihamisha kwa mwingine. Msomaji wa Qurani ataanzia mahali pengine. Katika Surat An-Naml, Nabii Sulaiman anasema amefundishwa usemi wa ndege, na Surat Al-An'am inawaita wanyama na ndege kuwa ni umma kama walivyo watu. Kwa mtazamo huo ndege ana usemi wake. Aliyepungukiwa ni msikilizaji. Hata hivyo, kuwa na usemi si sawa na kufunga mkataba. Mkataba unataka ijabu na kabuli, yaani kutoa na kukubali, na watu wenye akili timamu wa kutamka yote mawili. Mlembe hakuulizwa.

Yaliyopimwa porini yanamtikisa Hobbes upande mmoja na kumwacha upande wa pili. Mwaka 1989 Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walichapisha utafiti wao kuhusu Waborana wa kaskazini mwa Kenya: bila ndege, mtafutaji alitumia wastani wa saa 8.9 kupata kiota cha nyuki; akiongozwa, saa 3.2. Huko Niassa, Msumbiji, Wayao humwita mlembe kwa mtetemo wa ulimi unaofuatwa na mguno, "brrr-hm". Utafiti wa Claire Spottiswoode na wenzake, uliotoka mwaka 2016, ulionyesha kwamba wito huo uliongeza uwezekano wa ndege kukubali kuongoza kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, Tanzania, hupiga mluzi badala yake. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood walionyesha kwamba mlembe wa Eyasi huitika zaidi mluzi wa Kihadzabe, na yule wa Niassa mguno wa Kiyao. Ndege huyu, basi, husikia maana ndani ya sauti ya mtu, tena maana ya mahali pake.

Suala la malipo ndilo linaloharibu kisa cha simba. Wayao humwachia mlembe nta, wakiitandika juu ya majani mabichi. Wahadzabe hufanya kinyume: mrinaji hupanda mbuyu kwa vigingi alivyovigongomea shinani, hushusha masega, kisha nta iliyobaki mara nyingi huchomwa au hufukiwa ili ndege abaki na njaa na aendelee kuita. Na ndege huendelea kuita. Ingekuwa analipiza kisasi, Wahadzabe wangekwisha kuliwa zamani. Simba wa kisa hicho, kwa kweli, aliwekwa kwa ajili ya mrinaji mchoyo, mahali ambapo hakuna mzee wala hakimu wa kumwona.

Tena, kama wema unatafutwa kwa ndege huyu, kiota alimozaliwa kinatoa ushahidi mbaya. Jike hutaga katika viota vya ndege wengine, wakiwemo keremkerem, na mara nyingi hutoboa mayai anayoyakuta. Kinda lake huanguliwa kipofu, halina unyoya, lakini ncha ya mdomo wake ina kulabu kali. Gizani humo hung'ata makinda ya mwenye nyumba hadi yafe, na wazazi waliofiwa hulilisha. Haliwajui baba yake wala mama yake. Mluzi wa Eyasi au mguno wa Niassa, kwa hiyo, haurithiwi kiotani. Inaelekea ndege hujifunza baadaye, kwa kuishi jirani na watu wanaorina.

Jirani hao wakiacha kurina, mambo hubadilika. Katika baadhi ya sehemu ambako sukari ya dukani na mizinga ya kisasa imechukua nafasi ya asali ya porini, mlembe bado yupo mitini, ila haongozi tena mtu yeyote.