Wahariri wa Kwanza wa Hamlet na Imani Iliyopigwa Marufuku

Katika tendo la kwanza, onyesho la tano, la Hamlet, tanzia aliyoiandika William Shakespeare yapata mwaka 1600, mzimu wa mfalme wa Denmark unamtokea mwanawe na kumweleza jinsi alivyouawa na ndugu yake wa damu kwa sumu iliyomiminwa sikioni akiwa amelala bustanini. Marehemu haumizwi tu na kupokonywa uhai, taji na mke kwa mkupuo mmoja. Kinachomtesa zaidi ni kwamba alikatwa kabla hajatengeneza mambo yake na Mungu, na uchungu huo anaueleza kwa maneno matatu ya ukanushi ambayo, karne moja tu baadaye, yaliwashinda hata watu waliosoma sana. Wahariri wa karne ya 18 waliojaribu kuyafafanua walidhani kwamba wanakabiliwa na suala la kamusi, ilhali walikuwa wamefikia swali zito zaidi, yaani kama mtu anaweza kulielewa neno la imani asiyoishiriki, na kama, akishalielewa, ana haki yoyote ya kulinyoosha lifuate imani yake mwenyewe.

Neno la kwanza kati ya hayo matatu, "unhouseled", limetokana na "housel", jina la kale la Kiingereza kwa Ekaristi, ambalo katika asili yake ya mbali lilimaanisha sadaka. Kwa hiyo anayeitwa hivyo ni mtu aliyekufa bila kupewa Komunyo Takatifu. La mwisho, "unaneled", linatokana na neno la kale lenye maana ya mafuta, na linamtaja mtu ambaye hakupakwa mafuta matakatifu, yaani hakupewa sakramenti ambayo Wakatoliki wa leo huiita Mpako wa Wagonjwa na ambayo zamani iliitwa mpako wa mwisho. Katikati limesimama "disappointed", ambalo kwa Kiingereza cha kawaida humaanisha mtu aliyevunjwa moyo, maana isiyoingia hata kidogo katika kinywa cha mfalme anayelalamika kwamba ameitwa kwenye hesabu akiwa na dhambi zake zote kichwani.

Ugumu wa maneno hayo haukuletwa na umri wa lugha pekee. Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549 kilikuwa bado kinamruhusu mgonjwa apakwe mafuta akiomba, lakini toleo la 1552 liliufuta mpako huo, na Ibara Thelathini na Tisa za kanisa hilo, zilizokamilishwa mwaka 1571, zilikataa kuuhesabu miongoni mwa sakramenti za Injili na pia zilikana kuwapo kwa toharani, mahali ambapo, kwa mafundisho ya Kikatoliki, roho za waliokufa katika neema husafishwa kabla ya kuingia mbinguni. Shakespeare, aliyezaliwa mwaka 1564, alikulia basi katika nchi ambayo mpako huo ulikuwa umekwisha kufutwa katika ibada halali, huku wazee waliokuwa wameushuhudia kando ya vitanda vya wazazi wao wakiwa bado hai. Lugha humtunzia mtu majina ya yale anayoyatenda, na tendo likiharamishwa jina lake hubaki kwa muda midomoni mwa wazee, kisha hubaki vitabuni, kisha huwa fumbo. Mzimu unaosema kwamba umefungiwa kwenye moto wa kutakasa unatumia msamiati wa toharani mbele ya kijana anayesoma Wittenberg, mji ambao kila mtazamaji wa London aliujua kuwa mji wa Martin Luther. Baba na mwana wametenganishwa na kaburi, na zaidi ya hapo wametenganishwa na mageuzi ya dini.

Hata wapangaji wa herufi za chapa wanaonekana kutatizika. Chapisho la kwanza la tamthilia hiyo, la mwaka 1603, ambalo ni fupi na limeharibika pengi, halina kabisa mstari wenye maneno hayo, ingawa linabakiza wazo la hesabu isiyofungwa. Chapisho la pili, la 1604 hadi 1605, na lile kubwa la 1623 lililokusanya tamthilia za Shakespeare baada ya kifo chake, yote yanao, lakini hayakubaliani namna ya kuliandika neno la mafuta, kana kwamba kila mpangaji alinakili herufi alizoziona bila kuwa na hakika ya sauti yake.

Nicholas Rowe, aliyetoa toleo lake mwaka 1709, ndiye mhariri wa kwanza wa Shakespeare anayejulikana kwa jina, lakini katika suala hili mjadala wenyewe ulianzishwa na Alexander Pope, mshairi mashuhuri kuliko wote wa zama zake, ambaye toleo lake lilikamilika mwaka 1725. Pope aliamini kwamba maandishi ya Shakespeare yalichafuliwa na waigizaji na wachapaji, na kwamba mshairi mwenye sikio zuri anaweza kuyasafisha kwa kipimo cha ladha yake. Mistari aliyoiona duni aliishusha chini ya ukurasa, na ile iliyomvutia aliitia alama. Alipofika kwenye maneno ya mzimu aliliondoa "disappointed" na kuweka mahali pake neno lenye maana ya "asiyepakwa", kisha akaeleza kwamba "unaneled" ni mtu ambaye hakupigiwa kengele ya msiba. Mafuta aliyaona, ila aliyaweka kwenye neno lisilo lake, na neno lililoyabeba mafuta hayo tangu kale akalipa kengele.

Jambo hilo linashangaza zaidi kwa kuwa Pope alikuwa Mkatoliki, katika nchi iliyowafungia Wakatoliki milango ya vyuo vikuu, na alipokaribia kufa mwaka 1744 aliitiwa padri akampa sakramenti za mwisho. Mtu aliyeitunza ibada hiyo maishani mwake hakulitambua jina lake la kale. Hapa kuna hoja ambayo wanaosema kwamba maandiko ya dini hufahamika kwa waumini peke yao wanapaswa kuitazama kwa makini: imani hai humfungulia msomaji mlango wa hisia, lakini haimpi maarifa ya historia ya neno, na haiondoi ulazima wa kazi ndefu ya kusoma.

Kazi hiyo ilifanywa na Lewis Theobald, mwanasheria aliyejitosa katika fasihi, ambaye mwaka 1726 alichapisha kitabu kizima, sehemu kubwa yake ikiihusu Hamlet, kuonyesha makosa ya Pope. Alieleza kwamba neno la mwisho linahusu mpako, na kwamba kwa sababu hiyo badiliko la Pope lingemfanya mzimu useme jambo lile lile mara mbili. Njia yake ilikuwa kumfafanua Shakespeare kwa vitabu vya enzi yake na vya kabla yake, badala ya kumpima kwa ladha ya wasomaji wa karne ya 18, na kwa njia hiyo aliirudisha ndani ya tamthilia ibada ambayo kanisa la nchi yake halikuitambua. Hata yeye hakuliacha neno la katikati salama, maana alilibadilisha kidogo ili lisomeke "unappointed". Pope alimlipa kwa kumfanya mfalme wa wapumbavu katika utenzi wa kejeli wa mwaka 1728, na jina la Theobald likabaki na doa kwa vizazi vingi, dhuluma ambayo historia ya uhariri imechelewa mno kuirekebisha.

Samuel Johnson, katika toleo lake la mwaka 1765, alionyesha kwamba neno la katikati halikuhitaji kuguswa. Mtu aliyejiandaa kwa shughuli fulani, mwenye silaha na vifaa vyote vinavyotakiwa, aliitwa zamani "well appointed". Kwa hiyo "disappointed" ni mtu asiye na maandalizi, na mfalme anasema kwamba alisukumwa kwenye safari ya milele mikono mitupu. Maelezo hayo yanashinda kwa uvumilivu wake, kwani Johnson alikubali kwamba pengine pengo lilikuwa katika ujuzi wa wasomaji na si katika maandishi.

Si kila mhariri alikuwa na subira hiyo. William Warburton, kasisi aliyekuja kuwa askofu wa Gloucester, alifika kwenye mazungumzo ya Hamlet na Polonius, mshauri mzee wa mfalme, kuhusu jua linalozalisha funza katika mzoga wa mbwa, na pale ambapo machapisho yote ya kale yana "good", yakimaanisha kwamba mzoga huo wafaa kubusiwa na jua, yeye akaandika "God" katika toleo lake la 1747. Kwa kuondoa herufi moja tu alipata hoja ya kifalsafa kuhusu asili ya uovu: jua ni kama mungu, na likiangaza juu ya uozo matokeo hufuata tabia ya kitu kinachoangaziwa, si tabia ya mwangazaji, kwa hiyo uovu wa dunia haumwondolei Mungu wema wake. Ni hoja nzuri, na Johnson mwenyewe aliisifu mno. Lakini ni hoja ya Warburton, ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa ameandika kuutetea utenzi wa Pope unaothibitisha haki ya Mungu, na Hamlet wa onyesho lile, anayemdhihaki mzee kwa maneno ya kichaa ya kujifanya, hakuwa akimtetea yeyote. Harold Jenkins alipoirudisha "good" katika toleo lake la 1982 alimrudishia Hamlet haki ya kutokuwa mwanateolojia.

Uzito wa maneno ya mzimu unaonekana vizuri tamthilia inaposonga mbele. Hamlet anamkuta Claudius, muuaji, akisali peke yake, na anauzuia upanga wake, kwa sababu kumuua akiwa katika toba kungekuwa kumpeleka mbinguni. Anataka kumngoja akiwa katika dhambi, ili afe bila maandalizi kama alivyokufa baba yake. Asiyejua maana ya yale maneno matatu huona hapo kisingizio cha mtu mwenye kusitasita, na anayeijua huona kwamba mwana amejifunza kutoka kwa mzimu kipimo cha kisasi, akakipanua hadi ng'ambo ya kaburi. Baadaye atawatuma rafiki zake wawili wa zamani wauawe bila kupewa nafasi ya kuungama. Johnson, Mwanglikana mcha Mungu aliyeiogopa hukumu ya baada ya kifo maisha yake yote, aliandika kwamba maneno ya Hamlet juu ya Claudius anayesali yanatisha kiasi cha kutofaa kusomwa wala kutamkwa. Na baada ya kuyaandika hayo katika maelezo yake, aliyaacha maneno ya Hamlet ukurasani yalivyokuwa, bila kupunguza hata moja.