Mbwa Asiyepukutisha Manyoya na Deni la Mwenye Mbwa

Mbwa wa kienyeji anayezunguka katikati ya mashamba ya kahawa hapa Mbozi Mission hamdai mtu chanuo. Manyoya yake ni mafupi, yakizeeka hudondoka yenyewe, na akinyeshewa hujikung'uta akakauka. Mbwa chotara wa Poodle, yule wa kujikunja manyoya anayetafutwa sasa na watu wa Nairobi na Dar es Salaam, ana maisha tofauti kabisa, na tofauti hiyo inaibua swali ambalo dini haiwezi kulikwepa: mnyama ambaye binadamu amembadilisha mwili kwa matakwa yake anamdai nini binadamu huyo? Wengi hujibu kwamba anadai huruma. Nadhani jibu hilo ni dogo mno. Huruma mtu hutoa akiwa nayo, na akiikosa hakuna wa kumshika shati. Anachodai mbwa huyu ni haki, na haki hailipwi kwa kujisikia.

Ushahidi uko kwenye ngozi yake. Manyoya ya Poodle huendelea kurefuka muda mrefu kama nywele za mtu, na yale yanayokufa hunaswa na wenzake badala ya kuanguka chini. Mwaka 2009 watafiti wa vinasaba walionyesha kwamba jeni 3 tu zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya kati ya mbwa wa mbegu mbalimbali: moja ya urefu, moja ya mkunjo, moja ya ndevu na nyusi nene. Ukimpandisha Poodle na Labrador au Cocker Spaniel, jeni hizo hugawanyika kwa bahati. Katika uzao mmoja huyu atatoka na nywele zilizonyooka zinazodondoka, yule na mawimbi laini, na mwingine na sufu nzito kama ya kondoo. Mwenye mawimbi, ambaye wanunuzi humpenda kuliko wote, mara nyingi ndiye mwenye kazi kubwa, hasa akifikisha miezi kati ya 6 na 12, manyoya ya utoto yanapopisha ya ukubwani. Brashi hupita juu ikateleza vizuri, mwenye mbwa akaridhika, kumbe chini, nyuma ya masikio, kwapani na chini ya mkanda wa shingo, manyoya yameshikamana kama blanketi. Akiogeshwa kabla ya kuchanwa, fundo hukaza zaidi. Hapo ngozi huvutwa kila anapopiga hatua, unyevu hukaa, vidonda huanza, na kupe hupata maficho. Kwa hiyo anahitaji chanuo la chuma linalofika kwenye ngozi, mara kadhaa kwa wiki, na kukatwa manyoya kila baada ya wiki 6 hadi 8. Mtu afikirie mbwa huyo akipita kwenye vichaka vya kishona nguo wakati wa masika, au kwenye vumbi la barabara ya Tunduma wakati wa kiangazi.

Hakuzaliwa hivyo kwa ajali. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wally Conron wa shirika la mbwa wa kuongoza vipofu nchini Australia alimpandisha Labrador na Poodle kwa sababu njema: mwanamke kipofu wa Hawaii alihitaji mbwa, na mumewe alikuwa na mzio. Katika watoto 3 waliozaliwa, mmoja tu ndiye aliyefaa. Baadaye Conron alitamka hadharani kwamba anajuta, akiona watu wanavyozalisha mbwa hao ovyo kwa ajili ya soko. Hata sifa ya kutoleta mzio ni ya kutiliwa shaka, maana watafiti wa Uholanzi walipoipima mwaka 2012 hawakupata ushahidi wa kuithibitisha. Basi tumemwondolea mnyama uwezo wa kujitunza, na faida tuliyoahidiwa haina uhakika. Maandiko yanalijua deni la namna hii. Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa namna anavyoujali uhai wa mnyama wake, na neno lililotumika pale ni la haki. Kutoka 23:5 inaagiza punda aliyelemewa na mzigo asaidiwe hata kama ni wa adui. Waislamu nao wanayo hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mzigo wa punda ulifungwa na mtu. Sufu ya mbwa huyu nayo ilifungwa na mtu, tena ndani ya damu yake.

Kuna pingamizi zito, na limetoka kwa mtume mwenyewe. Katika 1 Wakorintho 9:9 Paulo anaitaja sheria ya kutomfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, kisha anauliza kama Mungu anajishughulisha na ng'ombe. Wapo wanaoona hapo ndipo mjadala unapofungwa. Lakini Paulo anajenga hoja kutoka kwa ng'ombe kwenda kwa mtenda kazi: ikiwa hata ng'ombe hanyimwi anachokipura, mhubiri atanyimwaje? Hoja hiyo haina nguvu kama ng'ombe hana haki yoyote. Ngazi ya chini ikivunjwa, ya juu haina pa kusimamia.

Pingamizi la pili linagusa zaidi watu wa hapa. Mahali ambapo mama anabebwa kwa bodaboda kupelekwa hospitali ya misheni, kumlipa mtu amnyoe mbwa kunaonekana kuwa dharau kwa maskini. Naliheshimu pingamizi hili, ila naona linathibitisha hoja yangu. Linasema gharama ni kubwa na fedha zina kazi nyingine. Sawa, basi deni hilo lisichukuliwe. Lakini pingamizi hilo haliwezi kumruhusu mtu amchukue mnyama kisha amnyime anachohitaji. Kuna pia wanaosema tumepewa mamlaka juu ya viumbe, na kwamba kondoo wa sufu naye tulimgeuza hivyo hivyo. Kweli, tulimgeuza. Mwaka 2015 kondoo aliyepotea porini karibu na Canberra alikutwa amebeba sufu ya zaidi ya kilo 40, na asingenyolewa angekufa. Kanisa la Moravian, lililofungua kituo hiki cha Mbozi mwaka 1899, lina Mwanakondoo katika nembo yake. Waumini wake hawahitaji kufundishwa kwamba mwenye mamlaka wa kweli huubeba mzigo wa walio chini yake.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka kila mwenye mnyama Tanzania amtunze, na haimbagui mbwa. Kama huna saa za kuchana kila wiki wala mtu wa kumkata manyoya, usimnunue chotara wa Poodle, hata ukipewa bure usimpokee. Chukua mbwa wa kienyeji, mpe maji na chakula, na umpeleke akachanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka.