Hati Ina Mwisho Wake

Wajukuu zangu, mikataba ya viwanja niliyoigongea muhuri nikiwa mwenyekiti wa mtaa hapa Dar es Salaam ni mingi kuliko harusi nilizokula pilau. Nimewaona watu wakinunua, nikawaona wakijenga, kisha nikaitwa shahidi watoto wao walipokaa kugawana. Ninayowaambia nimeyaona kwa macho.

Kwenye kununua sitakawia, maana mjini shule na nyie mmeshasoma. Dalali atawapeleka Jumamosi ya Januari, jua kali, kiwanja kikavu na tambarare. Rudini Aprili bila yeye, masika yakiwa yamekolea, mkamuulize mama anayekaanga maandazi jirani maji hupita wapi. Watu wa Bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011, na wapo waliokuwa wamenunua, hawakuvamia. Mwaka 2017, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa nyumba nzuri tu, zenye umeme na maji, kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Kuunganishiwa umeme hakumpi mtu milki.

Wala muhuri wangu haukumpa mtu milki. Muhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba mlikaa mbele yangu mkahesabiana fedha, basi. Nendeni kwa Msajili wa Hati mkafanye upekuzi, mjue kama kuna rehani ya benki au zuio la mahakama. Bikoni zitafuteni kwa jembe, mlinganishe namba zake na za kwenye ramani ya upimaji. (Na ile asilimia kumi ambayo ofisi nyingi za mitaa hudai kwa muuzaji na mnunuzi, ulizeni imeandikwa katika sheria gani. Mtaona watu wanavyotafuta miwani.)

Hayo kijana makini huyavuka. Kinachomwangusha ni ramani ya nyumba.

Nimeiona hiyo mliyoihifadhi kwenye simu: vyumba vitano, masta mbili, sebule ya wageni na ya familia, ngazi ya kupandia ghorofani. Mna mtoto mmoja. Mtachimba msingi mwaka huu, mwakani mtanyanyua boma, kisha boma litakaa masika matatu likiota nyasi ndani mkisubiri zamu yenu ya kikoba ili mpaue. Miaka yote hiyo mtakuwa mmepanga Sinza, mnalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Siku mkipiga rangi, yule mtoto yuko bweni kidato cha nne, na chumba mlichomchagulia rangi atakilala likizo mbili tatu.

Mtaani kwangu kuna mama mjane ambaye marehemu mumewe alimwaga zege la juu akaacha nondo zimesimama kusubiri ghorofa. Nondo zile zimeshika kutu, na kila mvua ikinyesha kutu hutiririka ukutani mistari mistari, hakuna rangi inayoificha. Yeye hulala chumba cha karibu na jiko. Vingine vimefungwa, hufunguliwa kabla ya Idi ili popo watolewe na mchwa wapigwe dawa. Anadaiwa kodi ya pango la ardhi, na paa linavuja upande ambao hakuna anayekaa. Nyumba hiyo watu wakipita huisifia.

Wenzetu wa Kilimanjaro wana namna yao: majumba makubwa kule Rombo na Marangu yanayowashwa taa Desemba. Siwalaumu, kihambani, kwenye shamba la ukoo, amelala babu na pale hapauzwi. Nyie kiwanja chenu cha mjini kina bei na kina muda.

Someni hati vizuri. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na milki mnayopewa inaandikwa miaka 33, 66 au 99. Serikali imewaandikia mwisho tangu siku ya kwanza, nyie ndio mnaojenga kama hamtaondoka. Kwa hiyo anzeni na banda la uani: chumba, sebule, choo, jiko. Hamieni. Fedha ya kodi ya Sinza ijenge iliyobaki, na mkiona vyumba vitatu vinawatosha, simamieni hapo, shemeji aseme atakacho.

Halafu kuna siku ya kuiachia, ambayo hakuna anayetaka nimtajie. Majina yenu wawili yaingie kwenye hati mapema. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, hata jina likiwa la mume peke yake, lakini kesi ya miaka sita mahakamani si kinga ya kutamani. Andikeni wosia. Mkiamua kutoandika, jueni kwamba watoto hurithi kikao: mmoja anaishi humo bure, mwingine anakusanya kodi ya fremu za mbele, wa tatu yuko Muscat anataka iuzwe kesho, na msimamizi wa mirathi hapatikani kwa sababu ukoo haujakubaliana juu ya muhtasari wa kikao. Nimeandika mihtasari hiyo hadi usiku, chai ikipoa.

Uzeni wenyewe, magoti yanapoanza kulalamikia ngazi, mkiwa bado mnaweza kuhesabu fedha zenu na kununua padogo karibu na hospitali. Mnunuzi mwonyesheni shimo la choo lilipo, bomba linapopita chini ya njia ya gari, na ile bikoni iliyofunikwa na maua. Mkishakabidhi funguo, msipite mtaa ule mwaka mzima. Ataukata mwembe wenu, na mtagombana naye bure.